Taa ya Waoga

Harufu ya mpira ulioungua ilitangulia, gari likafuata. Hivyo ndivyo mtaa wetu wa Kitengela ulivyojua kwamba Anko Wafula, mdogo wake mama, ametoka kazini. Msimu ule wa mvua nilikuwa msichana wa shule ya msingi, naye alikuwa amenunua gari lililokwisha kutumika Japani, akalipangusa kuliko alivyowahi kupangusa viatu vyake. Tatizo ni kwamba gari lilimzidi akili. Kila alipokanyaga mafuta kwa kishindo kwenye changarawe, magurudumu yakaanza kuzunguka bure, kijitaa cha manjano kilimetameta mbele yake, injini ikajipunguzia nguvu yenyewe, na gari likaondoka taratibu kama muumini anayetoka kanisani. Anko aliona ametukanwa. Mwanamume mzima, mwenye mshahara, anakatazwa na chombo chake mwenyewe! Akagundua kitufe cha kuzima ule ulinzi, na tangu siku hiyo akawa anakibonyeza kabla hata ya kufunga mkanda. Mama alimtazama kwa jicho ambalo nimelirithi. Leo nalitumia kwenye soko la mifugo la Kiserian, ninakofanya biashara, mtu akinitajia bei ya mbuzi mgonjwa.

Wakati huo Anko alitaka kumwoa Naserian, aliyeuza dawa za mifugo Kajiado mjini. Siku ya kujitambulisha kwao tulimchukua dukani, mimi nikakaa nyuma na blanketi na sukari za wakwe. Anko alibonyeza kitufe chake, kijitaa kikawaka na kubaki kimewaka.

"Hiyo taa iko na kazi gani?" Naserian akauliza.

"Inasema nimezima ile kitu ya kuzuia tairi kuteleza. Ni ya waoga."

"Basi mimi ni mwoga. Irudishe."

Anko alicheka, akidhani anabembelezwa. Hakuirudisha.

Nyumbani kwa kina Naserian mgeni huacha gari mbali na kuingia kwa miguu, ili mifugo isishtuke. Anko alilipeleka mpaka ubavuni mwa zizi la mbuzi, lionekane vizuri. Babake Naserian alilizunguka, akaja kutupokea. Nilimwinamishia kichwa, kama watoto wa Kimaasai wanavyowasalimu wazee, akakigusa, tukaketi kunywa chai yenye maziwa mengi, na maneno yakaenda vizuri kuliko Anko alivyostahili. Tulipotoka, manyunyu yalikuwa yamelainisha ule udongo mweusi unaonata kama ugali mbichi, na mbuzi walikuwa wamekwisha kurudi zizini. Naserian aliketi mbele tumrudishe mjini. Mtu mwenye akili angeondoka polepole. Anko aliona ukoo mzima umesimama kumuaga, akakanyaga mpaka mwisho. Tairi zililia, mkia wa gari ukazunguka, ukabomoa ua wa miiba, na mbuzi wakatawanyika kila upande.

Naserian alishuka, akaniita. Tuliwakusanya wale mbuzi kwenye matope, tukawahesabu wakipita penye pengo, kisha tukawahesabu tena, kwa maana hesabu ya mara moja ni ya watu wenye haraka. Anko alikuwa anakagua rangi ya bampa.

"Ero, kijana," mzee akamwita, "Naserian ananiambia gari yako inajua kukataza."

"Inajua, mzee. Lakini nilikuwa nimeizima."

Alisema hivyo kwa fahari, masikini. Mzee aliangalia pengo la ua wake, kisha akamwangalia binti yake.

"Wametimia," Naserian akasema. "Nendeni salama." Akafunga mlango wa gari kutoka nje.

Siku hizi naendesha mwenyewe kati ya Kitengela na Kajiado, na kijitaa kikimetameta kwenye tope nakiacha kifanye kazi yake. Vijana hunipita wakivurumisha injini, tairi zikilia, na mbele kidogo nawakuta mtaroni wakitafuta trekta. Naserian ana duka lake na mume anayeendesha gari kana kwamba amebeba mayai. Anko naye ana gari kubwa zaidi, mwaka wa tatu sasa. Juzi alinionyesha, akajigamba kwamba siku aliyolinunua alikipata kitufe kabla hajajua wapi pa kuwashia taa za mbele. Nikachungulia ndani. Kiti cha dereva kimechakaa kwelikweli. Kile cha kushoto, cha abiria, bado kina nailoni yake ya kiwandani.