Lenzi Isiyovuta

Utasema nimetunga. Sema tu, nimeshazoea. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini macho yangu ni mazima, na siku ile sikuwa nimelewa. Sinywi.

Asubuhi hiyo niliondoka Chekereni, nilikokuwa nikivuna mpunga wa watu, bila kujua naelekea wapi. Ndivyo ninavyoishi, nikichoka sura za mahali, nabeba begi. Nyumbani Nzega nilimwacha mama miaka tisa iliyopita, amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, kilemba cha kijani kichwani. Picha yake sina. Namba yake ilipotea pamoja na simu yangu ya kwanza.

Moshi mjini nikaingia duka la kamera. Nimeona mengi katika kuzunguka kwangu, na sina wa kumsimulia. Labda ndiyo sababu niliitamani kamera. Muuzaji alikuwa dada mchangamfu aitwaye Manka.

"Nataka inayovuta mpaka kileleni mwa mlima," nikamwambia. "Nihesabu watu walioko juu."

"Kila mtu anaanzia hapo hapo," akacheka. "Ukishawahesabu, utawapelekea chai?"

Akanipangia lenzi mezani, akaanza kunifundisha. Namba ndogo, kama kumi na nane, inaona kwa upana: sebule nzima na watu wake. Mia tatu inaleta karibu kilicho mbali, ila inataka mwanga mwingi na mkono usiotetemeka. Lenzi yenye namba mbili, kumi na nane mpaka hamsini na tano, ndiyo yenye zoom. Unazungusha, inatoka kwenye upana inakwenda karibu. Zoom siyo ukubwa, alisema, ni kuweza kubadilika. Halafu ipo yenye namba moja tu. Hiyo haivuti wala hairudishi.

"Sasa hiyo inafaa nini?"

"Inaona vizuri hata mwanga ukiwa hafifu. Ukitaka mtu awe mkubwa, msogelee. Miguu yako ndiyo zoom. Na ukimpiga mtu picha, lenga jicho."

Hela yangu ilitosha kamera iliyotumika na lenzi hiyo ya namba moja, hamsini, yenye mkwaruzo pembeni. Manka alisema iliuzwa na mpiga picha wa Machame, na kwamba mwenyewe hakutaka kuiona tena. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuuliza.

Pikapu iliyotoka kushusha ndizi ikanipa lifti mpaka Kwa Sadala. Kutoka hapo nikapanda kwa miguu kuelekea Machame, napiga picha maua ya kahawa, mbwa, kanisa. Saa kumi hivi ukungu ukaanza kushuka. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na nyumba ya bati jekundu katikati ya migomba, na mlangoni bibi mmoja amesimama, mdogo kama njiti ya kiberiti.

Nikapiga. Nikazungusha pete ya lenzi ili kumvuta, ndipo nikakumbuka kwamba haivuti. Pete ile ni ya kufanya picha ionekane wazi tu. Nikapiga tena, nikatazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera.

Katika picha ya pili bibi alikuwa mkubwa kama kidole.

Hapa nisikilize vizuri. Lenzi ikivuta, inavuta vyote: nyumba, migomba, mtu. Nyumba ilikuwa vile vile, ndogo vile vile. Aliyekuja ni yeye peke yake. Nikainua macho: bibi yuko pale pale mlangoni, hajasogea hata hatua. Wewe ungefanya nini?

Mimi nikapiga ya tatu. Safari hii alionekana kuanzia kifuani, kitenge cha njano chenye ndege, macho yananitazama. Nilipotazama ng'ambo, mlangoni hapakuwa na mtu. Nikasikia harufu ya maziwa na moshi wa jikoni, karibu kabisa.

"Shikamoo, bibi." Mdomo ulisema wenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mashine naijua." Sauti ilitoka hatua moja mbele yangu, mahali patupu. "Nipige moja nzuri. Ile waliyoniwekea ni ya kadi ya kura. Wajukuu wanaiogopa."

Nikaweka jicho kwenye kamera. Mle ndani alikuwepo, uso mzima, makunyanzi yote, anakiweka sawa kitambaa cha kichwa. Nikataka kubonyeza haraka nimalize.

"Tulia. Mwanangu niliyemzaa ndiye aliyekuwa na haraka, hakuwahi kupata nafasi."

Nikalenga jicho, nikabana pumzi, nikabonyeza. Nilipotazama tena kulikuwa na migomba tu, na ukungu.

Niamini, miguu haikutaka kuvuka lile korongo, lakini nilivuka. Kwenye ile nyumba nilimkuta mwanamume wa makamo anakata majani ya ng'ombe. Aliuona mkwaruzo wa lenzi kabla hajaniona mimi.

"Kaka, hiyo niliiuza. Unanirudishia ya nini?"

Nikamwonyesha picha. Panga likamtoka mkononi, akakaa juu ya majani.

"Hiki kitenge tulimzika nacho."

Jina lake Aminieli. Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililozungushiwa mimea ya masale, katikati ya kihamba, shamba la ukoo. Msalabani walibandika picha iliyokuzwa kutoka kadi ya mpiga kura: uso umevimba, vidoti vya kijivu, muhuri umekata shavu.

"Kila Desemba, ukoo mzima ukirudi nyumbani, aliniambia, nipige picha na mimi," alisema. "Nikamjibu, kesho mama, mwanga mbaya. Hiyo uliyoshika ilikaa begini; nilikuwa nimefunga ile lenzi ya mia tatu, nasubiri mlima utoke mawinguni. Alipokufa, nyumba ya mpiga picha ikakosa picha ya kuweka kwenye jeneza."

Nikamwachia kadi ya kamera yenye ile picha. Nilipomnyooshea lenzi, akarudisha mikono nyuma.

"Ondoka nayo."

Hata chai hakunikaribisha, na huko mgeni haondoki hivi hivi.

Miezi imepita. Nimezunguka nayo, nimewapiga picha watu wengi, na kila mmoja alibaki alipo. Nikaanza kuamini yameisha.

Jana nilifika Same. Simjui mtu. Nikapata chumba cha gesti nyuma ya soko: kitanda, ndoo, dirisha linalotazama barabara. Jua lilikuwa bado lipo, nikapiga picha moja ya barabara, kujaribu tu. Kwenye picha, mwisho kabisa wa barabara, mdogo kama njiti, kuna mtu amesimama, mkono mmoja kiunoni. Kilemba ni cha kijani.

Kwa macho, barabara ilikuwa tupu.

Picha ya pili sijapiga. Sijui kama mama yangu yuko hai, na sitaki kamera ndiyo iniambie. Alfajiri naanza safari ya Nzega.

Na wewe unayekwenda kununua kamera ya kwanza, usianze kuuliza inavuta mpaka wapi. Mlima utausubiri baadaye. Kampige picha mama yako leo, kwa mwanga wowote uliopo, na msogelee kwa miguu yako. Usipokwenda, atakuja yeye.