Muuza Spinachi Anayesahau Chumvi

Saa tisa alasiri. Mama Unanini anachovya mkono kwenye ndoo, anayarushia maji mafungu yake ya spinachi, anatazama saa kwenye simu, kisha anayarushia maji tena mafungu yale yale ambayo bado hayajakauka.

Amesimama. Kigoda anacho, cha plastiki, rangi ya buluu, lakini jirani yake, muuza nyanya, anasema tangu asubuhi hakijakaliwa na mtu yeyote isipokuwa paka.

"Keti basi, hata dakika mbili," anamwambia. "Unanichosha mimi ninayekutazama."

"Nikiketi nitachelewa."

"Utachelewa wapi? Saa tisa hii."

Hajibiwi, kwa sababu amefika mteja, mlinzi aliyetoka zamu, sare bado mwilini na kofia mkononi. Anaomba fungu moja. Mama Unanini anaiinua spinachi lakini haitoi.

"Nyumbani una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Hakuna nyumba isiyo na kitu. Fikiri vizuri."

Mlinzi anakuna kichwa. "Kuna mayai mawili. Kitunguu nusu. Na wali wa jana."

"Sasa kumbe unanidanganya, una chakula cha wageni hapo. Kitunguu kikaange mpaka kilainike. Majani yakate membamba, uyatie bila maji, maana yana maji yake. Yakishanywea, mwaga wali, vunja mayai juu, koroga upesi, ipua. Na usiondoke kwenda kutazama simu."

Mlinzi anacheka, analipa, anaondoka akirudia maneno hayo kwa sauti ndogo, kama mtu anayekariri namba ya nyumba.

Swali hilo ndilo lililompa jina. Kwa miaka kumi na moja mwanamke huyu mwenye umri wa miaka hamsini na mbili ameuza spinachi tu, kwenye meza moja karibu na lango la nyuma la soko, na hamwachii mtu fungu kabla ya kujua linakwenda kukutana na nini jikoni. Wateja walianza kumwita Unanini kwa utani. Siku hizi hata barua za uongozi wa soko zinamfikia kwa jina hilo.

"Spinachi ni mboga ya mtu aliyechoka," anasema. "Haitaki kulowekwa, haitaki kuchemshwa saa nzima. Dakika tano imeiva. Inataka tu uamue unaichanganya na nini."

Lakini wiki hizi kuamua kumemshinda yeye mwenyewe. Kula hali vizuri, kulala halali vizuri. Kesho, Ijumaa, saa tatu asubuhi, mama yake mzazi atapanda mizani kliniki, na mizani hiyo ndiyo itakayosema kama atarudi nyumbani au atabaki huko.

Mama huyo ana miaka sabini na minane. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpishi wa shule ya bweni, akikoroga sufuria za wanafunzi mia tatu kwa mwiko wa kushikwa kwa mikono miwili. Miezi mitatu iliyopita alilazwa kwa nimonia. Akawekewa mpira puani wa kumlishia. Mapafu yakapona, mpira ukatolewa, ila hamu ya chakula haikurudi naye nyumbani.

Kabla ya kuugua alikuwa na kilo hamsini na mbili. Wiki mbili zilizopita mizani ilisoma arobaini na moja. Muuguzi alisema waziwazi: akishuka chini ya arobaini, itabidi alazwe na mpira urudi.

Mgonjwa alikuwa pale pale, akisikia kila neno. Walipofika nyumbani alimwita binti yake kando ya kitanda.

"Ule mpira sirudii," alimwambia. "Afadhali mniache hapa hapa."

Tangu siku hiyo Mama Unanini hana kutulia. Tangu mama atoke hospitali alikuwa amejaribu kila alichokijua. Spinachi na viazi vya kupondwa. Spinachi na maziwa. Spinachi na karanga za kusaga, ikachujwa mpaka ikawa uji wa kijani. Sokoni akageuza mambo: badala ya kuwapa wateja mapishi, akawa anawaomba. Aliyeleta njia mpya alipewa fungu bure. Alikusanya njia kumi na tisa. Mama yake alizikataa zote kumi na tisa kwa namna moja, kwa kufunga mdomo na kugeukia ukutani.

"Nilikuwa nalia jikoni, halafu nafuta uso natoka nikicheka," anamweleza mwandishi wa makala haya. "Mimi niliyewapikisha watu soko zima. Mama yangu ananifia njaa mkononi."

Wifi yake, dada wa mume, ni fundi cherehani anayeshonea sebuleni na ndiye anayekaa na mgonjwa mchana kutwa. Yeye hana haya ya kusema alichokiona.

"Wifi yangu alikuwa anamlisha kama mtoto mchanga," anasema, pini zikiwa zimebanwa pembeni mwa midomo. "Kijiko kinapaa hewani, fungua Mama, fungua. Mtu mzima yule. Hata mimi ningefunga."

Kilichobadilisha mambo ni kosa, na kosa lenyewe lilitokea siku kumi na moja zilizopita. Mvua ilinyesha tangu mchana, soko likawa tupu, na Mama Unanini akarudi nyumbani ameloa, mfuko umejaa spinachi isiyouzwa. Jikoni kulikuwa na viazi viwili vya kuchemsha vilivyobaki. Akavikatakata, akakaanga kitunguu, akatupia majani. Katikati ya kupika mume wake, dereva wa lori, akapiga simu kutoka safarini, akitaka kujua mama anaendeleaje. Alipokata simu aliipua sufuria, akapakua, akapeleka.

Mama yake aligusa kijiko kwa ncha ya mdomo, akakisukuma.

"Haina chumvi."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kusema neno lolote kuhusu chakula. Mama Unanini alikimbia jikoni, akaongeza kidogo, akarudi.

"Bado."

Akaongeza tena. Safari hii mgonjwa alikataa kijiko. Alinyoosha kiganja cha mkono wa kushoto, akataka amwagiwe hapo, akalamba. Ndivyo alivyokuwa akifanya shuleni mbele ya zile sufuria kubwa, kwa sababu mwiko ulikuwa wa moto na vijiko havikutosha.

"Bado."

Ilipofika raundi ya sita alitikisa kichwa kukubali. "Sasa imekaa sawa. Wapeni watu, wale." Akajilaza. Binti yake alitazama bakuli. Nusu yake ilikuwa imekwisha.

"Nilisimama pale nimeduwaa," anasema. "Nikakumbuka kwamba maisha yangu yote sijawahi kumwona Mama ameketi mezani anakula. Alikuwa anaonja. Anaonja huku, anaonja kule, anakwambia ameshiba. Sisi tulidhani anatuachia sisi."

Kesho yake alisahau chumvi tena. Mara hiyo makusudi. Na keshokutwa yake. Ustadi wake sasa ni kurefusha safari: anageuza mgongo, anatikisa kikopo cha chumvi kwa kelele nyingi, anadondosha chembe chache tu. Mara nyingine hadondoshi kitu kabisa.

Saa kumi kasoro robo uvumilivu unamwishia. Mafungu mawili yaliyobaki anayatia mfukoni, meza anaifunika turubai, na muuza nyanya anamtupia nyanya moja iliyopasuka. "Ya mama," anasema. "Kesho unipigie simu mkitoka." Haraka hiyo ina sababu: jua likishazama, mgonjwa anasinzia na hakuna wa kumwamsha akale.

Nyumbani ni vyumba viwili na jiko dogo. Kiti cha mama kimewekwa mlangoni pa jiko, na mapajani ana sinia. Kazi ya kuchambua majani amejipa mwenyewe wiki hii. Vidole vimekonda lakini bado vinajua njia; kikonyo huku, jani kule, jani lenye tundu linatupwa bila huruma.

"Leo kuna nini?" anauliza.

"Mkate mkavu, yai moja, na nyanya ya jirani."

"Mkate ulowanishe kwanza. Utakuja kuwa mawe."

Mama Unanini anaulowanisha. Anavunja yai, anatia majani yaliyokatwa, anakanda, anatengeneza vidonge bapa na kuvikaanga kwa mafuta kidogo, halafu anaponda nyanya juu yake iwe mchuzi. Jikoni hatulii pia. Anapangusa meza safi, anafungua kabati asilohitaji kitu ndani yake. Sebuleni cherehani imepunguza mwendo, wifi anasikiliza.

"Onja, Mama. Sijui chumvi imekaaje."

Kiganja kinanyooka. "Bado."

Kikopo kinatikiswa. "Bado." Kinatikiswa tena. Kati ya raundi na raundi midomo ya Mama Unanini inacheza bila sauti.

"Unahesabu nini?" mama yake anauliza.

"Sihesabu kitu."

Viganja vilivyolambwa vilikuwa vimefika kumi na saba.

Ijumaa asubuhi benchi la kliniki limejaa, na Mama Unanini ndiye pekee aliyesimama. Jina linaitwa. Anamvua mama yake kandambili, anamshika kiwiko, kisha muuguzi anamwambia amwachie, maana mizani itahesabu na mkono wake. Anauachia. Mshale unacheza, unakwenda huku na huku, unakataa kutulia kama yeye mwenyewe, halafu unatulia.

"Arobaini na moja na robo," muuguzi anasema.

"Rudia."

"Arobaini na moja na robo, mama. Hajashuka. Endeleeni na mnachokifanya, mrudi baada ya wiki mbili." Anainua macho kutoka kwenye kadi. "Mnamlisha nini?"

"Majani," anajibu mgonjwa, kabla binti yake hajapata sauti.

Nje ya chumba Mama Unanini anaketi. Anaketi kabisa, miguu ameinyoosha, na machozi yanamtoka bila kuyafuta. Anaeleza mpango ambao hakuthubutu kuutaja jana. Mwezi ujao, uongozi wa soko ukikubali, anataka kuweka jiko dogo kando ya meza, apike sufuria moja kila mchana ili wateja waone kwa macho badala ya kukariri. Na kile kigoda cha buluu anataka kimpate mtu wa kukikalia.

"Atakuja kuonja," anasema. "Kama atakubali."

Mama yake, aliye ubavuni pake, anatazama mbele kama hajasikia.

Jioni hiyo Mama Unanini anapika akiimba. Viazi, kitunguu, fungu zima la spinachi, mikono inakwenda yenyewe. Anapeleka bakuli mlangoni.

"Onja, Mama."

Mama yake analamba kiganja. Analamba tena.

"Leo umetia chumvi."

Ni kweli. Furaha ilimsahaulisha kusahau.

"Imetosha," mama yake anasema, na kufuta kiganja kwenye nguo. "Basi sina kazi tena hapa."

Cherehani sebuleni inasimama. Mama Unanini amebaki na bakuli mikononi, uso umemshuka.

"Ulidhani sijui?" mama yake anaendelea, taratibu, bila hasira. "Mtoto niliyemfundisha kupika mimi mwenyewe, asahau chumvi siku kumi na mbili?"

Kisha Mama Unanini anageuka, anachukua fungu la mwisho, lile alilolitenga kwa ajili ya kesho, na kulitupia lote sufuriani, bila kulikata na bila kulipima. Majani yanafurika ukingoni, yanalia kwenye mafuta, yananywea. Anakoroga, anachota, anarudi mlangoni.

"Nimeharibu, Mama. Majani yamezidi. Sasa sijui kabisa imekaaje."

Mama yake anamtazama kwa muda mrefu. Halafu ananyoosha kiganja.

"Bado," anasema, akilamba. Anakinyoosha tena. "Na huko sokoni usije ukasahau hivi. Wale ni wateja."