Kisu cha Baba Zuhura

Padri wetu nimemweleza. Shehe wa jirani nimemweleza. Dada yangu aliyeolewa Nduguti nimemweleza mara tatu kwa simu. Wote walinisikiliza mpaka mwisho, halafu wakaniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula. Ugali wa uwele na mlenda, saa sita mchana, nyumbani kwa mama mmoja pale Issuna. Sikuwa na homa, sikuwa nimesinzia, na pombe sijaionja tangu nikiwa msichana. Basi nakueleza na wewe, ingawa kueleza kwenyewe kumenichosha. Ukiona ni uongo, sawa. Ila mimi nikitaka kutunga uongo, natunga wa kuchekesha.

Kazi yangu ni kununua kuku wa kienyeji vijijini na kuwapeleka Singida Mjini. Mwaka wa kumi na saba huu. Magoti yameshakataa kupanda, mgongo umeshakataa kuinama, lakini kuku hawajui hayo. Kwenye kazi hii kuna kitu kimoja usichoweza kukikosa, nacho ni kisu kidogo cha kukunja. Unakata kamba za tenga, unapasua mdomo wa kiroba cha pumba, unamenya kiazi ukiwa njiani, kuku akifia safarini unamtengeneza hapo hapo. Kisu kikubwa cha jikoni hakifai. Kitakutoboa mfuko, na ukipanda gari nacho watu wanakutazama vibaya.

Nimemiliki vitatu kabla ya hiki. Vyote vilikuwa vile vya kung'aa, vyenye mpini wa plastiki, vinavyopangwa chini kwenye turubai siku ya mnada. Cha kwanza kilikufa makali kwa kamba ya katani kabla mwezi haujaisha. Cha pili kilikuwa kinajifungua chenyewe mfukoni, na paja langu bado lina alama. Cha tatu sitaki hata kukisema.

Hiki cha nne nilikiona mnadani, kwenye rundo la nguo za mtumba na viatu vya mtu mzima. Mpini ulikuwa wa pembe nyeusi, umeshikwa kwa misumari miwili ya shaba. Kilikuwa kimekunjwa na hakifunguki. Muuzaji alijaribu kwa ukucha, akajaribu kwa meno, mwishowe akaazima plaizi kwa fundi baiskeli. Ubapa ulipotoka, niliona chuma cheusi-cheusi, kisichojionyesha, urefu wa kidole changu cha kati. Penye kiungio palikuwa pamejaa udongo mwekundu, umeshindiliwa kama mtu aliuingiza kwa makusudi.

"Kilikuwa cha nani?" nilimuuliza.

"Mama, mimi naletewa tu."

Sikuuliza zaidi, nikakichukua. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Nilikilaza kwenye mafuta ya taa siku nzima. Nikautoa udongo kwa mwiba, nikatia matone ya mafuta ya alizeti, nikakinoa kwenye jiwe nyuma ya nyumba. Niamini, sijawahi kushika kisu kama kile. Kinafunguka kwa kidole gumba tu, kinalia tik, kinasimama. Ukikikunja hakibanduki mpaka utake wewe. Kamba ya katani kinaipita kama sabuni. Kasoro yake ni moja: hakina kizuizi. Ukikandamiza vibaya, kinakufungia vidole. Lakini nani asiye na kasoro?

Nilikaa nacho miezi miwili bila jambo lolote. Halafu ikafika siku hiyo.

Wewe unadhani mambo haya hutokea usiku. Hata mimi nilidhani hivyo. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, upepo wetu ule wa Singida unapeperusha vumbi. Nilikuwa nimeketi kwenye jabali pale njia ya Issuna inapoachana na njia ya mashambani, na tenga langu la kuku pembeni. Namsubiri Mzee Hango, mtu mzima mwenye wajukuu, anayenibebea mizigo kwa bodaboda. Alikuwa amepiga simu kwamba tairi limepasuka, nimvumilie. Mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kukasirika sikuweza.

Akatokea mwanamume kwenye shamba la alizeti. Alizeti ilikuwa imeshavunwa, mabua tu yamesimama makavu. Umri wake kama miaka arobaini. Alitembea ubavu-ubavu, kama mtu anayevuta mzigo. Shati lake lilikuwa limechanika upande mmoja na limejaa udongo upande huo huo. Mkono wa kushoto alikuwa ameuficha mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za shamba?"

Habari hakujibu. Alisema, "Naomba kisu, mama. Mara moja tu."

Alijuaje kwamba nina kisu? Swali hilo nimejiuliza baadaye. Siku ile niliingiza mkono mfukoni, nikampa kikiwa kimekunjwa, kama unavyompa mtu yeyote.

Akakipokea kwa mkono wa kulia. Akakibana kidevuni, akajaribu kwa kidole gumba. Hakikufunguka. Akakibana katikati ya magoti. Hakikufunguka. Akatia meno, na nikasikia meno yakisaga ile pembe.

"Kinakataa," alisema.

"Hakikatai hicho. Mbona hutumii mkono wa pili?"

"Ule una kazi."

Nikadhani ni mlemavu, nikaona aibu kwa kumuuliza. Nikakichukua, nikakisukuma kwa gumba. Tik. Kikasimama wazi.

Yule baba alikitazama muda mrefu. Wewe umewahi kumwona mtu anatazama chakula kilichochelewa, njaa imeshamaliza kazi yake? Ndivyo alivyokitazama.

"Kumbe kinafunguka," alisema. "Umekifanyaje?"

"Nimekilaza kwenye mafuta ya taa siku moja. Halafu nikatia ya alizeti."

"Mafuta tu?"

"Mafuta tu."

"Nilikuwa nayo nyumbani," alisema. "Dumu zima."

Kuku wangu walikuwa kimya. Kuku kumi na wanane kwenye tenga, mchana, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Nikatie basi, mama," alisema, akageuka.

Nikauona ule mkono. Kamba ya ngozi ilikuwa imezungushwa kwenye kifundo mara tatu, imezama nyamani hadi mkono umekuwa mweusi. Kamba ilinyooka kutoka mkononi kwake mpaka kule katikati ya mabua, imekazwa, na upande wa pili kulikuwa na kitu kinaivuta. Sikukiona. Niliona mabua yakilala.

Nilikuwa na kisu mkononi, kimefunguliwa, kimenolewa. Hatua mbili tu kati yangu na ile kamba. Na sikukata. Nilikaa pale kwenye jabali nikamtazama kama mtu anavyotazama mvua. Kamba ikastuka. Yule baba akaanguka ubavu, akavutwa kuingia shambani, macho yake yakinitazama mimi mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Hakukuwa na mshindo wala vumbi. Kisha kuku wote wakaanza kupiga kelele kwa pamoja.

Mzee Hango alinikuta nimesimama na kisu wazi. Aliniuliza nimeona nyoka? Nikamwonyesha ardhi. Palikuwa na mburuzo, kama wa gunia lililovutwa, umeanzia miguuni pangu na kuingia kwenye mabua. Yeye naye aliuona. Nikamweleza shati, nikamweleza mkono, nikamweleza kamba. Mzee Hango akavua kofia.

"Huyo ni Baba Zuhura," alisema. "Mwaka huu wakati wa kulima maksai alikurupuka, na yeye alikuwa amejizungushia kamba mkononi. Walimkuta hapa. Mama, hicho kisu umekitoa wapi?"

Sikuwa na nguvu ya kuendelea na safari ya mjini. Nilimwambia ni cha mnadani, nikamwomba anipeleke kwa mjane wa marehemu. Ilikuwa mwendo mfupi tu, nyumba ya tembe yenye mtungi mlangoni. Mama Zuhura alikuwa anapepeta uwele. Mwanamke mwembamba, mpole, macho ya mtu ambaye halali. Nilipomwonyesha kisu alikaa chini pale pale kwenye makapi.

"Ni cha mume wangu," alisema. "Sikutaka kukiona tena. Shemeji akakipeleka mnadani pamoja na nguo."

"Kilikuwa hakifunguki," nilisema.

"Najua. Tulimkuta amekishika. Kidole gumba hakikuwa na ukucha." Akachota uwele kwa kiganja na kuumwaga tena. "Nilimwambia tangu masika yaanze. Baba Zuhura, tia mafuta hicho kisu. Akasema kesho."

Aliniambia kwamba kila alasiri, saa tisa, husikia kitu kinaburutwa nje kuzunguka nyumba. Akitoka haoni mtu. Hakuwa amemwambia yeyote, kwa sababu mjane akisema mambo kama hayo watu humtafutia sababu.

Nikamuuliza kamba ilizikwa au ilichomwa.

"Kamba?" alisema. "Kamba ipo. Shemeji anaitumia. Anasema ngozi nzuri haitupwi kwa sababu ya mtu."

Tukaenda zizini, sisi watatu. Shemeji yake, Ramadhani, alikuwa anamtoa maksai kwenda kunywa maji. Dume jekundu lenye pembe pana. Na kamba, Mungu wangu, alikuwa ameizungusha kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Mara tatu.

"Shemeji, fungua hiyo kamba," Mama Zuhura alisema.

"Mmeanza. Huyu naye ni nani?"

"Fungua kwanza, nitakueleza."

"Wanawake mkikutana…" alisema, akacheka.

Hakumaliza. Maksai aliinua kichwa, akatazama upande wa mashamba, masikio yamesimama. Mimi sikuona kitu huko. Lakini ng'ombe aliona, na sitakubishia ukisema ni upepo. Alikoroma, akaruka. Kamba ikakaza, na Ramadhani akaenda chini kifudifudi, anaburutwa kuelekea mlango wa zizi.

Sikumbuki kukimbia. Magoti haya, ambayo hayapandi hata ngazi ya basi, yalinifikisha pale. Mzee Hango alikuwa ameivamia kamba karibu na pembe, akining'inia kwa uzito wake wote, na mnyama akasita pumzi moja tu. Nikapiga gumba. Tik. Nikakata. Ngozi ilikuwa imekauka, ikagoma. Nikakandamiza kwa nguvu zangu zote, nikikata kwa kuvuta. Ubapa ukanifungia kidole cha shahada hadi mfupa, nikaufungua kwa mkono mwingine, nikakata tena na damu inaniteleza. Kamba ikakatika kwa sauti kama ya fimbo. Maksai akapita mlangoni na kutokomea.

Ramadhani alibaki amelala, analia kama mtoto mchanga. Bega lilikuwa limetoka mahali pake. Mama Zuhura alipiga magoti, akaizongoa ile kamba mkononi mwake, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Alikuwa anasema kitu kwa Kinyaturu, taratibu, na nadhani hakuwa anasema na Ramadhani.

Jioni ile ile waliichoma. Ilinuka vibaya.

Sasa utaniuliza, basi yule baba alipumzika? Sijui. Mama Zuhura anasema nje ya nyumba yake pametulia, na analala. Nafurahi kwa ajili yake. Ramadhani sasa hunisalimia kwa kuinama, ingawa nasikia bado anawaambia watu kwamba ng'ombe alistushwa na mimi. Kisu nilitaka kumrudishia mjane, akakataa kukigusa, nikakiacha juu ya kaburi. Siku hizi natumia wembe niliofunga kwenye kijiti. Haukati vizuri.

Kidole changu cha shahada hakikunjiki tena. Nikihesabu kuku kinabaki kimenyooka, kinaonyesha mbele, na wateja wanadhani nawasonta. Nimezoea. Kisichozoeleka ni kile nilichofanya pale kwenye jabali. Mtu alikuwa hatua mbili, kisu kiko wazi mkononi, na mimi nikakaa. Ile kamba niliyoikata zizini ilikuwa ya Ramadhani. Ya Baba Zuhura sikuikata. Kila nikipita pale kuku hunyamaza, na mimi humwambia Mzee Hango aongeze mwendo.

Kwa hiyo sikuonyi kuhusu vitu vya mnadani, ingawa ningekuwa wewe ningeuliza mwenyewe alikuwa nani. Sikuonyi kuhusu njia ya Issuna. Nakuonya hivi tu: mtu akikuambia nikatie, mzima au maiti, kata kwanza. Kuogopa utaogopa baadaye. Muda wa kuogopa unao mwingi sana, niamini. Mimi ninao mpaka leo.