Mguu wa Nyuma wa Mkongwe

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Nikolausi hulizunguka gari lake. Huanzia mlango wa dereva, hupita mbele, hurudi kwa nyuma, na kwenye kila gurudumu huinama akapapasa kwa ndani kama mtu anayekagua kwato za ng'ombe wa mnadani. Watu wa Tumati humtania kwamba hata mke wake hajawahi kuangaliwa hivyo. Mke wake, Restituta, husema ni kweli kabisa.

Gari lenyewe wanaliita Mkongwe. Ni la zamani, chuma kitupu, magurudumu yote manne yanavuta. Nikolausi aliliendesha ujana wake wote kwenye mradi wa visima, na mradi ulipofungwa akalichukua likiwa limeshasimamishwa juu ya mawe. Akalifufua. Tangu hapo limebeba mahindi, wagonjwa, majeneza na maharusi, na halijawahi kumwacha mtu njiani. Labda mara moja, lakini hiyo huwa haisimulii.

Asubuhi moja ya masika, mkono wake ulitoka kwenye gurudumu la nyuma la kushoto ukiwa mweusi na unateleza. Akachuchumaa. Michirizi minene ilikuwa imeshuka kutoka pale ekseli inapoingia kwenye gurudumu mpaka chini kwenye ringi, imeshika tope na vumbi la breki. Sili ya ekseli, ule mpira unaozuia oili, ikichoka, oili ya gia za difu haivuji nje tu, inaingia ndani ya dramu inayofunika breki na kuilowesha, na breki iliyolowa oili haishiki kitu. Ndiyo maana jana, akirudi kutoka Gendabi, pedeli ilikuwa inazama mpaka aipampu ndipo gari lisimame. Jana alijifariji kwamba breki zimelegea tu, atazikaza kidogo asubuhi na safari itaendelea.

Na hii haikuwa safari ya kuahirisha. Glory, binti yao, alikuja nyumbani akiwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na safari hii daktari alimwonya asisubiri uchungu umkute kijijini, ahamie mapema karibu na hospitali. Mama yake mdogo alikuwa na chumba Haydom, hospitali ilipo. Lakini mvua ilikuwa imekula barabara, basi halifiki tena, na korongo la njiani hakuna pikipiki ya kulivuka na mjamzito wa mwezi wa tisa. Alibaki Mkongwe. Na kabla ya korongo kuna mteremko ambao madereva huacha kuongea wakiufikia.

"Shikamoo baba. Tunaondoka saa ngapi?" Glory aliuliza. Alikuwa ameketi mlangoni, begi lake miguuni.

"Marahaba. Kunywa chai kwanza."

Restituta alimjua mume wake. Akamfuata nyuma ya gari. "Baba Glory, sema ukweli."

"Ekseli inavuja. Breki hamna. Siwezi kumteremsha mtoto wangu pale kwa sala peke yake."

"Usidharau sala."

"Sidharau. Ila sala haina dramu."

Restituta hakucheka. Alipiga simu kwa Gidion, fundi wa pale jirani, naye akaja na spana zake kabla chai haijapoa. Akamsalimia mzee, akalala chini, akapiga mluzi alipoiona ile michirizi. Wakapiga jeki, wakatoa gurudumu, wakagonga dramu mpaka ikakubali kutoka. Nikolausi alikuwa amejiandaa kuona balaa.

Ndani kulikuwa kukavu kama unga.

"Mzee, hapa hakuna oili hata tone," alisema Gidion. Akafungua nati ya difu, akatia kidole. Oili ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, haijapungua. Sasa hiki cha nje kimetoka wapi? Akakichota kidogo, akakisugua vidoleni. Oili ya gia inanuka yai viza, ukiishika leo unalala nayo. Mafuta ya breki ni mepesi, ukiyamwagia maji yanakwenda. Hiki hakikuwa hata kimojawapo. Tena pale ambapo jua halijafika, baridi ya Tumati ilikuwa imekigandisha, na chini ya tope kilikuwa cha njano.

"Hebu nusa, Mzee."

Nikolausi akanusa. Maziwa, na moshi wa kibuyu. Akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya safari.

Jana alikwenda Gendabi kumrudisha nyumbani mke wa Qamara, mfugaji wa kule, aliyetoka hospitali na mtoto mchanga baada ya kuugua sana. Walimshukuru kwa maziwa na nyama, na alipoaga, mama yake Qamara, bibi ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu, alimpaka siagi kwenye paji la uso. Hilo Nikolausi alilizoea. Watu wa kule hupaka siagi kubariki, mzazi, mtoto, hata mgeni anayeondoka. Kwamba wakati yeye anakula bibi alitoka nje na kibuyu, hilo hakulijua.

Akapiga simu.

"Ndiyo baba, amepaka," Qamara alijibu huku akicheka. "Amesema huo mguu ndio umemleta mjukuu wake. Alitaka kupaka miguu yote minne, siagi ikamwishia."

Gidion alicheka mpaka spana ikamdondoka. Nikolausi alicheka na machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. "Rudisha gurudumu," alisema akisimama. "Glory! Lete begi, tunaondoka!"

Gidion hakuinuka. Alikuwa ameacha kucheka.

"Mzee," akasema taratibu, "siagi haizamishi pedeli."

Restituta aliyekuwa anakuja na begi alisimama.

Gidion akamwomba Restituta apande akanyage breki, yeye akaingia uvunguni kwa mbele. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa limejaa tope tupu, hakuna mkono ambao ungeona kitu pale. Akakwangua. Mpira wa kupeleka mafuta ya breki ulikuwa umevimba na kulika upande mmoja, mahali tairi linapousugua kila usukani unapokatwa hadi mwisho. Restituta alipokanyaga kwa nguvu, mafuta yakaruka kama uzi mwembamba yakampata Gidion shavuni.

Nikolausi aliutazama mpira ule. Bila ile siagi angekaza breki za nyuma kidogo, kama alivyopanga, akamketisha binti yake pembeni yake, na mpira ungepasukia katikati ya mteremko. Restituta alishuka akamshika bega.

Gidion alikimbia kwa Hilary, ambaye ana gari la aina ileile lililogeuka banda la kuku. Hilary anasema kila mwaka kwamba atalifufua, na kwa ndoto hiyo alikuwa na mpira mpya bado kwenye karatasi yake. Aliutoa bila maneno aliposikia ni kwa ajili ya Glory. Wakaufunga mbali na tairi, wakaanza kutoa upepo kwenye breki.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!"

"Mama Glory, usiachie kabla hatujasema!"

"Nyinyi wawili mnanifokea kama ng'ombe wa plau," alisema Restituta, lakini mguu wake ulitii, na mwisho pedeli ikasimama juu, ngumu.

Kwenye mteremko Nikolausi aliacha kuongea kama wenzake. Mkongwe alishuka kwa gia ndogo, akikanyagwa anashika, akiachiwa anakwenda, mpaka korongoni. Walipofika ng'ambo Glory alishusha pumzi akasema ana njaa, na wote wakaanza kuongea kwa pamoja.

Alijifungua kwa upasuaji wiki iliyofuata, mtoto wa kike, wote wazima. Mkongwe aliwarudisha Tumati barabara ikiwa imekauka.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, Nikolausi alilizunguka gari. Gurudumu la mbele la kulia, mkono ukatoka unateleza. Akakimbilia la kushoto, nalo vilevile. La nyuma la kulia, vilevile. Ni lile moja tu, la bibi wa Gendabi, lililokuwa kavu.

Akanusa vidole. Havikunuka moshi. Ilikuwa samli, ile ya jikoni kwake.

Restituta, ambaye kanisani ndiye anayeongoza sala za akina mama, alikuwa amesimama mlangoni na mjukuu mikononi.

"Si ilimwishia yule bibi?" akasema. "Nimemmalizia."