Kichupa cha Wifi

Fundi cherehani akichemsha kamba, hakuna ruhusa ya kufunua sufuria. Viazi hutangulia, mahindi yakafuata, kamba huja mwisho, naye husimama kando, tepu ya kupimia ingali shingoni. Wakigeuka wekundu tu, anaepua. "Haya, mezani! Kamba hawangoji mtu!" Humwaga vyote juu ya magazeti, ndugu na marafiki wakavamia. Yeye haketi, hutazama mikono, hasa ya wifi yake, ambaye miaka yote huja na kichupa cha pilipili mkobani, eti mapishi ya humu chapwa. Leo wifi anamenya, anakula, analamba vidole, kichupa hakijafunguliwa.

"Wifi, pilipili yako hiyo," fundi anamkumbusha.

"Hebu niache nile!"

Ndipo fundi akavuta kiti.