Maneno Niliyomtilia Nyakundi Kinywani

Ijumaa ile Mama alikuwa akifua nguo za Sabato, na mimi na mdogo wangu Nyakundi tulikuwa tukigombania gambuti, buti za mpira za shambani. Zilikuwa zangu, namba tisa, nilizinunua soko la Ekerenyo. Zake zilikuwa zimepasuka kisigino, na asubuhi chai ilikuwa imelowa umande, kwa hiyo alivaa zangu bila kuniomba, akatangulia kwenye mistari ya chai akiburuta miguu. Mguu wake ulikuwa mdogo, zikawa zinalia pwata, pwata. Nikamwambia ataanguka. Akasema mimi nimezeeka kabla ya kuoa, na kwamba mwenye viatu vilivyopasuka ndiye asiyekosa kuanguka. Mama alicheka kule kwenye beseni mpaka sabuni ikamtoka mkononi.

Boma letu lilikuwa mpakani, juu ya mto mdogo. Ng'ambo ya mto walikaa majirani wasiozungumza lugha yetu. Tulikuwa tukiwauzia ndizi, wakituuzia maziwa, na watoto wao tuliwajua kwa majina. Mwaka huo kulikuwa na uchaguzi, na baada ya uchaguzi kukawa na maneno. Tulisikia nyumba zimechomwa mahali fulani, kisha mahali pa karibu zaidi. Vijana wakaanza kulinda kwa zamu. Lakini mchana watu walichuma chai kama kawaida, maana majani yakishakomaa kiwanda hakiyataki.

Mwendo wa saa nane Mama alipanda kwa dada yake, huko juu barabarani, kupeleka mkungu wa ndizi. Sisi wawili tulibaki katikati ya shamba. Nyakundi alikuwa akinieleza habari za msichana wa Kenyenya ambaye sikuamini kama yupo.

Saa kumi hivi tulisikia mayowe bondeni.

Mtu wa kwanza alitokea kwenye mikaratusi akiwa na upinde. Nyuma yake wakatokea wengine. Sikuwahesabu.

Nilitupa kikapu nikakimbia.

Nyakundi alikuwa nyuma yangu. Nilizisikia gambuti zikipiga ardhi. Tulifika kwenye mfereji wa maji ya mvua, nikaruka. Yeye hakuvuka.

"Momanyi, ningoje."

Nilimsikia vizuri. Akarudia mara moja tu, kwa sauti ya chini kidogo.

"Ningoje."

Nikajitupa chini ya miti ya chai. Chai iliyochumwa miaka mingi huwa bapa kwa juu kama meza, na chini yake mna nafasi ya mtu kulala. Nililala humo, uso kwenye udongo, nikiuma mkono wa sweta langu. Sikutoka mpaka niliposikia watu wa kwetu wakiita majina yetu kwa Kigusii.

Walimkuta mferejini. Mshale ulikuwa umempata mgongoni. Gambuti moja ilikuwa mguuni, nyingine imekwama kwenye tope.

Kijijini kwetu, kabla udongo haujatupwa kaburini, mtu aliyekuwa wa mwisho na marehemu husimama akaeleza. Haikataliki, hata kama huna kinywa. Watu wanataka kujua alikufa vipi na alisema nini, na mama mzazi hukalishwa kwenye kiti karibu kabisa ili asipitwe na neno. Nilisimama nikiwa na nia ya kusema machache: kwamba tulivamiwa, tukakimbia, nikaokoka. Kisha nikaona uso wa Mama.

Nikasema walikuwa arobaini. Nikasema Nyakundi aliwageukia akawatupia mawe na kunisukuma mimi nivuke. Mzee mmoja akauliza mbona alipatikana na gambuti moja. Nikasema ile nyingine aliivua akamtwanga nayo yule wa mbele. Watu wakaguna kwa heshima. Mama alikuwa bado ananitazama, anangoja kitu. Nikaongeza:

"Aliniambia, mwambie Mama asihame nyumbani."

Hakuna aliyeniomba maneno hayo. Yalinitoka tu. Niliona mabega ya Mama yakishuka, akashusha pumzi, nami nikafikiri nimemsaidia.

Tangu hapo hadithi ikawa yangu. Kila jioni kwenye kituo cha chai, tukingoja lori la kiwanda, hakukosekana mtu wa kusema, "Momanyi, hebu tuambie ile ya gambuti." Nami nikaanza. Arobaini wakawa sitini. Mishale ikapita sikioni mwangu. Mfereji ukapanuka ukawa mto. Najijua, mimi ni mtu wa maneno, na nikiona watu wamenyamaza kunisikiliza siwezi kujizuia. Kanisani niliitwa kutoa ushuhuda, nikautoa, wanawake wakalia. Nikiwa nimeketi baadaye nilijiuliza kama nimedanganya, nikajijibu kwamba nimetia chumvi, kama wanavyofanya wote. Nani kwetu hajawahi kurefusha nyoka aliyemuua? Nililala usingizi wangu.

Lakini mambo yalipotulia, majirani zetu wa upande wetu wa mto walianza kuhama mmoja mmoja. Mimi pia nilioa, nikajenga Ekerenyo. Dada ya Mama akahamia kwa mwanawe. Mwishowe kule juu ya mto pakabaki moshi wa nyumba moja, ya Mama. Alilima mboga za chinsaga na migomba yake michache, na Sabato alitembea peke yake hadi kanisani, kisha akarudi peke yake. Kila nilipomwomba aje kwangu alinijibu kwa upole kabisa kwamba Nyakundi alisema. Akiniambia hivyo, alikuwa akinitazama kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo walilolijua wote wawili.

Miaka kumi na kitu ikapita hivyo.

Mwaka jana, majira ya mvua, aliteleza nyuma ya jiko, nyonga ikaumia. Alilala pale kwenye matope tangu alfajiri hadi karibu adhuhuri. Aliita, lakini hapakuwa na wa kumsikia. Aliyemwokota ni kijana wa bodaboda aliyekuja kununua ndizi. Nilimkuta hospitalini amevalishwa gauni la wodini, mdogo kitandani, na jambo la kwanza aliloniuliza ni lini nitamrudisha nyumbani. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba akianguka tena akiwa peke yake hatanyanyuka.

Nilipofika kwangu nilimweleza mke wangu, Moraa. Alikuwa akimenya ndizi. Nikamwambia Mama hataki kuja kwa sababu ya maneno ya Nyakundi, na kwamba maneno yale Nyakundi hakuyasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka hilo mbele ya mtu. Nikajitetea haraka haraka kwamba ilikuwa chumvi tu, kama zile za arobaini na sitini.

Moraa aliweka kisu chini. "Hiyo si chumvi, Baba Nyaboke," alisema. "Chumvi hutiwa kwenye mboga iliyopo."

Akachukua kisu tena, akaendelea kumenya. Usiku ule na siku zilizofuata nilitafuta njia nyingine. Niliwaza kumwambia Mama kwamba nimemwota Nyakundi, na kwamba katika ndoto amemruhusu ahame. Naona aibu kuandika hivi, lakini niliipanga ndoto yenyewe yote, hadi rangi ya shati alilovaa. Ilikuwa nzuri. Angeiamini.

Alipotoka hospitali alisisitiza arudi mpakani, nami nikampeleka. Tuliketi nje, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye kigoda. Mbele yetu, upande wa kushoto wa nyumba, lilikuwa kaburi la Nyakundi, limepaliliwa vizuri. Nilikuwa na ile ndoto mdomoni. Nikafungua kinywa, nikasema jambo jingine.

Nilimwambia kwamba Nyakundi hakusema asihame.

Mama hakugeuka. Aliusugua mpini wa fimbo yake kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Alisema nini? Sema, na usiongeze kitu."

"Alisema nimngoje."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, Mama."

Akauliza kuhusu mawe, nikasema hapakuwa na mawe. Akauliza kuhusu gambuti. Nikasema zilikuwa zangu, zilimpwaya, moja ikakwama topeni, ndiyo maana hakuweza kuruka. Akatikisa kichwa polepole, maana alikumbuka asubuhi ile na jinsi alivyotucheka. Akauliza nilikuwa umbali gani nilipomsikia. Kwenye kituo cha chai nilizoea kusema nilikuwa nimeshavuka ng'ambo, mbali, mishale ikimiminika katikati yetu.

"Kama kutoka hapa hadi pale kaburini," nikasema.

Mama alisimama. Nikainuka kumshika, akaniondoa mkono. Akaanza kutembea akiegemea fimbo, nyonga ile mbovu ikimvuta upande, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Nilisimama pale pale nikimwangalia. Hata kwa mwendo ule wa mgonjwa hakuchukua muda. Alifika, akaweka mkono juu ya msalaba wa mbao, akageuka kunitazama kutoka pale alipokuwa, akipima.

"Ni karibu," alisema.

Hakunilaani. Heri angenilaani, au angelia, nikapata cha kunyamazisha. Alirudi kwenye kiti kwa mwendo ule ule, akaniambia nimfungie blanketi zake mbili na sufuria ya kupikia obokima, ugali wetu, na kuku wote nimpe yule kijana wa bodaboda. Kabla ya jioni tulikuwa Ekerenyo.

Sasa yuko kwangu. Anakula, anakwenda kanisani, watoto wanampenda. Nyonga imepona kiasi. Kule mpakani hakuna moshi tena, na kila mwezi naenda peke yangu kupalilia kaburi. Nikiwa pale hukaa mahali kilipokuwa kiti cha Mama na kutazama mbele, na umbali wenyewe haubadiliki hata nikikaa namna gani. Nyumba imeanza kuinama. Hakuna mtu wa kusalimia mpaka nirudi barabarani.

Kwenye kituo cha chai bado wananiita niwaambie ile ya gambuti. Siku moja niliwaambia ilivyokuwa. Ilimalizika haraka sana. Wengine waliinamisha macho, mmoja akadhani natania, kisha lori likaja tukapanga foleni kupima majani. Tangu hapo nangoja lori nikiwa nimekaa upande wangu, na sijui kama ni wao walionihama au mimi.

Nimeshaacha kujiuliza kama kutia chumvi ni uongo. Wale arobaini wangu wa kubuni hawakumdhuru mtu. Ila nilimtilia maiti maneno kinywani ili nisisikie yale aliyoyasema mwenyewe, na mwanamke mmoja akakaa peke yake miaka yote hiyo kwa ajili ya maneno hayo.

Mama hajanitaja jina tangu siku ile. Hana ukali, akinijibu hunijibu vizuri. Lakini akitaka maji, au akitaka kuinuliwa kitini, humwita Moraa, hata kama Moraa yuko shambani na mimi niko hapo hapo mlangoni. Basi nimezoea kuketi karibu naye jioni, huenda akaniita.