Nilizitia kasoro picha za mkwe wangu mbele ya wanawake wa mwaloni, nikaondoka bila kununua

Wakuu, habari za humu.

Wanaonizidi umri shikamooni. Waliobaki nawaitikia marahaba kabisa, maana nimeona humu watu hawana habari ya kuamkia.

Mimi ni bibi. Nakausha dagaa na kuuza mwaloni, pale ufukweni boti za wavuvi zinapoegesha, upande wa Ilemela. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikikosea herufi pita, usinifundishe. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja.

Haya ninayoeleza yametokea masika haya yaliyopita. Sijaongeza kitu. Ningeongeza ningejipendelea, na mkisoma mtaona sijajipendelea popote.

Nina mkwe, mke wa mwanangu Kulwa. Anaitwa Nyamisi. Kwao ni Mara, watu wa kulima mihogo, samaki kwao wanamkuta mezani. Kulwa yuko machimboni, anarudi mara moja moja. Kwa hiyo nyumbani ni mimi na Nyamisi.

Ni mtu mkimya. Mimi simpendi mtu mkimya, namwona kama anaficha kitu. Nawaambia ukweli.

Sasa huyu Nyamisi akaanza kupiga picha. Kwa simu tu, tena kioo kimepasuka. Anapiga nyavu, anapiga mawe, anapiga yangeyange, wale ndege weupe wanaotuibia dagaa. Mimi nasema huyu hana kazi.

Kumbe mjini, Mirongo, kuna mama mmoja ana studio. Nitamwita Bi Zainabu, siyo jina lake. Mama wa Kihindi, studio aliiacha babake, kazaliwa hapahapa na Kiswahili chake kinapita changu. Alikuwa anatafuta msaidizi wa kupiga picha za harusi. Akamwambia Nyamisi, niletee picha za watu wakiwa kazini, nikizipenda nakuchukua. Ila kabla ya kuzileta, waonyeshe kwanza hao uliowapiga. Wasikilize wanasemaje.

Nyamisi akaniambia hayo yote jikoni. Nilijua. Sitasema sikujua.

Kesho yake, tumeshatandaza dagaa, wanawake tumekaa kivulini, akaja na simu yake ameishika kwa mikono miwili.

"Mama, naomba mziangalie. Mniambie ukweli kabla sijapeleka."

Hapa nisimame kidogo kwa wasiojua biashara yetu.

Mwaloni hakuna mtu anayesifia mali anayoitaka. Ukisema "dagaa hawa wazuri" umeshajikaanga, bei imepanda. Ukiitaka mali unaitukana kwanza. "Hawa mmewakausha au mmewazika?" "Mchanga wote huu, nimekuja kujenga?" Mwenye mali naye hanyamazi: "Mchanga huo ni zawadi mama, kajenge na choo." Mnacheka, mnavutana, mwisho unafunga gunia lako.

Kila mtu anajua. Anayetia kasoro ndiye mnunuzi. Anayesifia huyo anapita njia tu.

Nimeishi hivyo tangu ujana wangu. Ulimi wangu haujui njia nyingine. Nami kati ya wanawake wale ndiye mwenye ulimi, wananiogopa na wananipenda kwa hilo.

Basi nikaishika simu.

Picha ya kwanza, boti na ziwa. Nikasema, "Ziwa limelala upande hivi, maji hayajamwagika?"

Mama Doto, jirani yangu wa kutandaza, akaangua kicheko. Mimi nikisikia kicheko ndiyo naongeza moto.

Ya pili, yeye Mama Doto anachekecha dagaa. "Ee, Mama Doto, kichwa chako kiko wapi? Huyu kakuchinja!"

Ya tatu giza. "Hii umepiga ndani ya sufuria?"

Wanawake wanashika mbavu. Nyamisi amesimama. Hajibu. Mimi nangoja anijibu, maana mwenye mali hujibu! Angesema hata "mama na wewe huna macho" ningefurahi, tungevutana, ningefika mahali pa kumwambia vizuri. Hakujibu, nami nikamwona mnyonge, nikaendelea.

Ya mwisho ilikuwa yangu. Amenipiga kwa nyuma, nimeinama nageuza dagaa. Uso hauonekani.

Nikainua ile simu juu wote waone. "Jamani, angalieni heshima ninayopewa na mkwe! Uso wangu kaona haufai, kapiga makalio. Kayapeleke mjini wakayatundike!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Nikamrudishia simu, nikaenda kugeuza dagaa zangu. Sikusema neno jingine. Hata "nenda salama" sikusema.

Wakuu, niliona nimefanya kazi nzuri. Niliombwa ukweli nikatoa ukweli. Jioni nilikula nikashiba.

Zikapita siku. Nyamisi anapika, anafua, anabeba makanda ya dagaa kama kawaida. Simu haitoki tena kwenye mkoba. Yangeyange wanatua mbele yake, yeye hawaangalii. Mimi nikasema afadhali, sasa kazi inafanyika.

Halafu simu yangu ikaita, namba ngeni. Ni Bi Zainabu, Nyamisi alimwachia namba yangu kwa sababu ya kwake chaji haikai.

"Mama Kulwa, mwambie mwanao picha nazisubiri. Jumamosi nikiwa sijaziona nafasi nampa mtu mwingine."

Nikamwita Nyamisi. Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka.

"Nimeacha, mama. Nimezifuta."

"Umezifuta zote?"

"Mlisema hazifai."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningekuwa na pa kushika, ningemjibu. Alisema kama mtu anayekuambia unga umekwisha.

Hapo ndipo nilipoanza kuona aibu, lakini ilikuwa bado ndogo. Nikajisemea, nitaenda mjini mwenyewe, nitamwomba yule mama amsogezee siku. Nikavaa kitenge cha kanisani nikaenda Mirongo.

Bi Zainabu ni mtu mzima kama mimi, miwani imening'inia kifuani. Nikamweleza shida, ila sikueleza nani aliyezicheka. Nikasema "watu walizicheka." Watu!

Akasema, "Moja alinitumia mapema, ninayo." Akaifungua kwenye kompyuta, kubwa kama mlango wa kabati.

Ilikuwa ile ya mgongo wangu.

Akaniuliza, "Unaona nini?"

Nikasema, "Mtu ameinama."

"Sikukuuliza kama nzuri au mbaya. Taja unachokiona. Mimi kila mwanafunzi wangu naanzia hapo, na kila anayeiangalia picha yake pia. Taja."

Nikaona mtihani. Nikaanza kutaja kama mtoto. Dagaa zimetandazwa mpaka majini, zinang'aa. Miguu kwenye mchanga. Kitenge kilichopauka. Mkono wa kulia unageuza.

"Na wa kushoto?"

Wa kushoto umebanwa tumboni. Nikaangalia juu yake. Bega la kushoto limeshuka, liko chini kuliko mwenzake, na shingo imekwenda upande huo kulifuata.

Wakuu, bega hilo linaniuma tangu mvua zianze. Sijamwambia mtu. Kulwa hajui. Mama Doto tunakaa bega kwa bega kila siku, hajui. Mwaloni ukijulikana huwezi kubeba, vijana wanakupunja.

Na palepale nikakumbuka kitu kingine. Tangu mvua zianze Nyamisi ndiye anayebeba makanda. Sikumtuma. Alianza tu asubuhi moja, akanipita akalichukua lililokuwa langu, na mimi nikasema moyoni, leo kaamka na nguvu.

Nikakumbuka na la tatu, hili ndilo baya. Kwa nini alinipiga kwa nyuma? Kwa sababu kila akiinua simu mbele yangu nilikuwa naziba uso kwa kitenge, namfokea, "Ondoa hiyo kitu!" Uso nilimnyima mwenyewe. Kisha nikamcheka mbele za watu kwa kukosa uso.

Bi Zainabu alikuwa bado anaangalia kompyuta. Akasema, "Kasoro ipo. Hapa pembeni kuna ndoo ya buluu, inaita jicho. Angesogea hatua moja ingetoka. Hiyo nitamwambia, na nitamwonyesha pa kusimama. Ya ndoo anajifunza kwa asubuhi moja. Kuliona hili bega, hapo mimi sina la kumfundisha." Kisha akanigeukia, akaangalia bega langu, na kitenge. Akavaa miwani.

"Kumbe ni wewe."

Nikalifunika bega kwa kitenge, basi. Mimi mwenye ulimi.

Akasema tu, "Mlete Jumamosi, na picha mpya."

Njiani nilikuwa nawaza biashara yetu. Ukimtia mtu kasoro kwenye mali yake, ukaita watu wacheke, halafu ukaondoka hukununua, mwaloni tuna jina la mtu huyo. Anaitwa mchafua mali. Siku hiyo kila anayekuja baada yako anatoa bei ya chini kwa sababu yako. Nimewahi kuwafukuza watu wa namna hiyo kwa ufagio.

Na mali iliyochafuliwa mbele ya watu haisafishwi chumbani.

Kwa hiyo sikumngojea nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja mwaloni na kitenge changu cha kanisani. Wanawake walewale wapo, Nyamisi yupo anageuza dagaa.

Nikasema, "Nyamisi." Wote wakageuka, walidhani nakuja kugomba.

Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea. Likatoka hili: "Ile picha yangu ina ndoo ya buluu pembeni, inaita jicho. Ungesogea hatua moja."

Mama Doto akasema, "Mama Kulwa, na wewe! Bado tu?"

"Ngoja nimalize! Ndoo ndiyo kasoro yake, basi. Bega langu limeonekana vizuri kuliko ninavyolijua mimi. Nilikucheka mwanangu, na uso nilikuficha mwenyewe. Hawa walicheka kwa sababu yangu. Naitaka ile picha. Naitaka ukutani kwangu."

Nyamisi aliweka chini dagaa alizoshika. Kisha akasema, "Bega nililiona tangu mvua zianze, mama. Nilidhani hutaki tuliseme."

Hakuna aliyecheka.

Kesho yake alitoa simu mkobani. Mimi nikasimama wima, nikamwangalia, kitenge nimekishusha, nimejitayarisha kama wa picha ya kitambulisho.

Akaniambia, "Usiniangalie, mama. Endelea na kazi."

Tangu aolewe ndiyo mara ya kwanza ananiamrisha. Nikainama nikaendelea.

Jumamosi tulikwenda wote, mimi nikakaa nje kwenye benchi. Alichukuliwa. Sasa harusi nyingi anaenda na Bi Zainabu. Picha ya mgongo iko ukutani, na ndoo yake. Wageni wakiuliza ndoo ya nini, nasema iacheni hapo.

Lakini msidhani imekwisha. Akirudi na picha mpya bado anamwonyesha Mama Doto kwanza. Simu inazunguka kwa kila mtu, kwangu inafika mwisho, na anapoinyoosha mkono wake hauiachii upesi. Mimi nauona ule mkono. Naipokea, nataja ninachokiona, kimoja kimoja. Nikimaliza ndipo nauliza alitaka nini. Kasoro nasema moja, na nasema tukiwa tumebaki wawili.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikuletea kazi ya mikono yake akasema niambie ukweli, ukweli siyo ruhusa ya kuchekesha watu. Iangalie kwanza. Na ukitia kasoro, usiondoke mikono mitupu.

Haya, uwanja wenu. Wenye wakwe, wenye wanafunzi, na ninyi mnaobandika picha zenu humu mkachekwa, semeni. Na mimi nitieni kasoro, nimestahili. Ila kila atakayetia, anunue.